Kompyuta isome Kiswahili kwa Kiswahili

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Nina mdogo wangu wa kike, haoni tangu utotoni, shuleni kwao wakapata kompyuta zenye ile programu ya kusoma maandishi kwa sauti, nyumbani tukafurahi sana. Siku nimeenda kumtembelea nikamkuta kainama na hedifoni masikioni, nikachukua upande mmoja nisikie na mimi, jamani! Notsi ni za Kiswahili ila sauti ni ya Kiingereza, "pole" inasema pol, "mke wake" inasema mke weik, na mji wetu wa Same ikauita seim. Mtoto anarudia mstari huohuo mara nne mara tano, anabonyeza apate herufi moja moja ndo ajue neno lenyewe. Halafu mwisho wa muhula anaambiwa yeye ni mzito.

Kumbe sauti ya Kiswahili ilikuwemo humohumo muda wote! Programu yenyewe ni NVDA, ya bure, aliianzisha 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, akaungana na mwenzake James Teh, wote hawaoni, na ndani yake kuna eSpeak NG ambayo ndo inatoa sauti. Mzizi wa eSpeak ni kazi ya Jonathan Duddington, alianzia kwenye kompyuta za Acorn miaka ya 1990, leo inasoma lugha zaidi ya 100 na bado haijazi mashine wala haitaki bando, kwa sababu haikubeba sauti ya mtu aliyerekodiwa, inatengeneza mlio kwa hesabu halafu inafuata kanuni za kila lugha, herufi hii itamkwe hivi, mkazo ukae pale. Kiswahili kwa hilo ni chepesi maana kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kazi iko kwenye vitu kama ng' ya ng'ombe isichanganywe na ng ya nguo, na 1964 isomwe elfu moja mia tisa sitini na nne.

Wapo wanaosema sauti yake ni ya kiroboti, ni kweli, ila mdogo wangu anaikimbiza spidi ambayo mimi sidaki hata neno moja na yeye anaelewa yote.

Kubadilisha ni dakika mbili tu, unabonyeza Insert+Control+S kwa pamoja unachagua eSpeak NG, kisha Insert+Control+V unachagua Kiswahili. Siku ile alisikiliza ukurasa mzima bila kurudi nyuma, akanyamaza, akaniuliza, "Dada, kwa nini hawakuniwekea hii mwanzoni?"

Sikuwa na jibu. Nawaomba wote mnaopeleka kompyuta mashuleni, msiondoke kabla hamjamkalisha mwanafunzi asiyeona asikilize somo lake mwenyewe kwa lugha anayosomea. Na nyie walimu wa Kiswahili, kanuni za eSpeak ziko wazi kwa mtu yeyote, mkisikia neno limetamkwa vibaya andikeni mtume marekebisho, msiwaachie mafundi peke yao.

Msomaji wako,
Same, Kilimanjaro