Muziki wa elektroniki wa papo hapo nao una wapigaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya safu ya muziki iliyodai kwamba albamu za muziki tulivu wa elektroniki, hasa zile ambazo wasanii wawili huzibuni papo hapo bila noti zilizoandikwa, ni kazi ya mashine inayowashwa na kuachwa ijiendeshe. Dai hilo limeniuma, kwa kuwa nimeusikiliza muziki huu miaka mingi na ninajua jasho lililomo.

Mwandishi wenu angeanza na kazi ya Waingereza wawili, mpiga gitaa Robert Fripp na mwanamuziki Brian Eno. Mnamo Septemba 1972 Fripp alikwenda na gitaa lake nyumbani kwa Eno jijini London, ambako mashine mbili za kurekodia za Revox zilikuwa zimepangwa sambamba na utepe mmoja kupitishwa katika zote mbili. Mashine ya kwanza ilirekodi gitaa, utepe ukasogea hadi ya pili, nayo ikaitoa sauti ile na kuirudisha katika ya kwanza ili irekodiwe tena, safari hii ikiwa imechanganyika na kile ambacho Fripp alikuwa akikipiga wakati huo. Ikiwa utepe unakwenda sentimita 19 kwa sekunde, na mashine zimeachana kwa mita moja, noti hurudi baada ya sekunde tano na ushei, kisha hurudi tena na tena, kila mara ikiwa imefifia kidogo.

Msomaji na ajiweke katika kiti cha mpiga gitaa huyo. Noti aliyoikosea haimezwi na kimya, bali baada ya pumzi chache inamrudia, na hana budi kuitafutia noti nyingine itakayopatana nayo. Eno naye, ambaye hakugusa uzi hata mmoja, ndiye aliyeamua ni sauti gani iingie katika mzunguko na ipi ipite bila kurudiwa. Hapo ndipo ninapoona watu wawili wakipiga chombo kimoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe. Baada ya mzunguko kukamilika, Fripp alipiga tena gitaa juu yake, na kipande hicho cha takriban dakika 21 kikajaza upande mzima wa santuri yao ya mwaka 1973 iitwayo (No Pussyfooting). Mbinu yenyewe hawakuivumbua wao, maana watunzi wa muziki Terry Riley na Pauline Oliveros walikwisha kuitumia huko Marekani katika miaka ya 1960, na ni haki watajwe.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba mtangazaji John Peel aliwahi kuipiga kazi hiyo kinyumenyume katika redio ya BBC, utepe ukianzia mwisho, na kwamba toleo jipya la mwaka 2008 liliongezewa sauti hizo zilizogeuzwa. Sioni kama hilo linawashushia hadhi. Sauti iliyojengwa kwa marudio hubaki na umbo lake hata ikisikika kutoka upande wa pili, na umbo hilo lilitengenezwa na mikono ya watu.

Jina la ambienti, ambalo muziki huu tulivu huitwa, Eno alilitumia baadaye, mwaka 1978, akitaka muziki unaoweza kusikilizwa kwa makini au kuachwa nyuma ya shughuli nyingine. Nahisi mwandishi wenu aliuacha nyuma, kisha akauhukumu kana kwamba aliusikiliza.

Ombi langu ni kwamba arudi kwenye upande ule wa kwanza, aifuate noti ndefu ya mwanzo mpaka asiweze tena kuitofautisha na zilizoipanda juu, kisha aandike upya. Akiandika kwamba hakuupenda, nitaiheshimu hukumu yake.

Ni mimi msomaji wako,
Mpenzi wa muziki