Tumepewa ruhusa ya kusoma, tukirudi nafasi hakuna

Mhariri,

Naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Wodi yetu ya wazazi ina vitanda vinne, na usiku huwa niko na mfagizi tu. Akina mama wengi wanavuka kutoka ng'ambo. Mimi nimezaliwa Busia, mpakani na Kenya, lugha yao ya Lukonzo sijaimudu, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili.

Niliajiriwa kwa cheti, kile cha miaka miwili na nusu, nikawekwa ngazi ya mshahara ya U7. Baada ya miaka saba kazini nikarudi shule kuchukua diploma, mwaka mmoja na nusu. Ruhusa nilipewa kwa maandishi. Karo nilijilipia: mkopo wa chama chetu cha akiba, na muhula wa pili mama akauza ng'ombe wake. Mtoto wangu mdogo alibaki kwa shangazi yake. Nilifaulu, nikasajiliwa upya katika Baraza la Wauguzi na Wakunga, nikarudi kituoni.

Nikaambiwa, "Hongera sista, lakini nafasi ya U5, ile ya wenye diploma, haipo. Subiri itangazwe." Huu ni mwaka wa nne. Mara moja ilitangazwa. Nikafanyiwa usaili pamoja na vijana waliotoka chuoni juzi, wengine mimi ndiye niliyewaonyesha kupima mlango wa kizazi walipokuja kwetu kwa mafunzo. Baadaye tukasikia fungu la mshahara halitoshi, na nafasi yenyewe ikafutwa.

Mwezi wa tatu mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Saa tisa usiku, mvua, barabara imejaa tope. Nilimchoma oksitosini ya kukaza kizazi, nikamtundikia maji, nikakanda tumbo la uzazi, nikatoa kwa mkono kipande cha kondo kilichobaki ndani, huku mfagizi akinimulikia kwa simu. Kulipopambazuka alikuwa ananyonyesha. Kabla sijarudi shule, mama kama huyo ningemtafutia bodaboda impeleke hospitali, na sijui kama angefika. Kazi ya diploma naifanya kila usiku, mshahara ni wa cheti.

Nchi hii ikiamua kutufundisha, inaweza. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka na familia moja kutoka Kongo ikaingia wilaya ya Kasese. Kabla ya siku hiyo, wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 vya Uganda walikuwa wamechanjwa. Kwetu mafunzo yalikuja kituoni penyewe. Tulijifunza kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, mganga mkuu, mimi, mfagizi na mlinzi wa geti tukiwa mstari mmoja. Ugonjwa ule haukuenea ndani ya nchi. Lakini mafunzo ya kuzuia damu ya uzazi, inayotukuta mwaka mzima bila kusubiri mlipuko, hufanyika hotelini mjini siku mbili, na aendaye ni mmoja, mara nyingi asiyeshika zamu ya usiku.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti linahusu ile karatasi ya ruhusa. Anayepewa ruhusa ya masomo anajulikana atarudi lini. Kozi ni mwaka mmoja na nusu, na bajeti husomwa kila Juni, maana yake kabla hajamaliza itasomwa angalau mara moja. Muda wa kumtengea nafasi na mshahara upo. Siku ruhusa inapotiwa sahihi, na nafasi yake iandikwe kwenye makadirio, asije akarudi kugombea kama mgeni kazi ambayo tayari anaifanya.

Niliyesoma naye alisubiri miaka miwili, akachoka. Sasa yuko na shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi, na kituo chake cha zamani kimebaki na mkunga mmoja.

Wiki iliyopita binti tunayefanya naye kazi, mwenye cheti, aliniuliza kama ajaze fomu za diploma. Ana watoto wawili, na kwao kuna ng'ombe mmoja. Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi, na mpaka leo sijamjibu.

Mkunga, Rwenzori
(jina langu mnalo)