Somo, usizifute zile harusi

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie achari zake zilifika salama na watoto wamezimaliza kabla sijazipanga kabatini.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimekaa nayo siku mbili kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na hasira. Umeniambia kwamba kwenye usaili wa ule mfuko wa filamu mzee mmoja aliinua wasifu wako akausoma kwa sauti: harusi, sendofu, kipindi cha mapishi, makala ya visima ya shirika fulani, tangazo la sabuni. Halafu akakuuliza wewe hasa ni nani, akamalizia na mshika mawili moja humponyoka. Wewe ukanyamaza. Hilo la kunyamaza nalielewa. Lililoniuma ni kwamba ulirudi nyumbani, ukafungua kompyuta, ukaanza kufuta harusi moja baada ya nyingine.

Usizifute, somo. Ngoja kwanza nikuambie habari za mtu.

Mohamed Amin unamjua kwa jina. Chuoni tulimsoma kwa mstari mmoja tu: Mkenya aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Mwezi huu nimekuwa nikimsoma na kutazama kazi zake kila usiku watoto wakishalala, na nimeona tulivyodhulumiwa na ule mstari mmoja. Njaa ya Ethiopia ilimkuta ameshafanya kazi miaka 21, na katika miaka hiyo alifanya kila aina ya kazi.

Alizaliwa Nairobi, Eastleigh, mwaka 1943, baba yake mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab. Familia ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia na kushika kamera ya kwanza, Box Brownie, kile kisanduku cha watu wa kawaida. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, bahari ndiyo iliyokuwa kati yake na habari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, naye akavuka na kamera.

Hebu fikiria kamera za siku zile. Bolex ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiizungusha mpaka mwisho inakupa kama sekunde 28 za picha, halafu inasimama, unaizungusha tena. Roli ya futi 100 inakwisha kabla ya dakika tatu. Na hujui ulichokipata, maana filamu bado haijasafishwa; unaifunga kwenye kopo, unakimbilia uwanja wa ndege, inasafiri hadi London, na wewe unabaki na wasiwasi wako. Mtu aliyefunzwa na chombo kama hicho hapigi ovyo. Anasimama, anatazama, anajua jambo litatokea upande gani kabla halijatokea.

Unajua hiyo ni kazi gani? Ni yako. Bibi harusi haingii ukumbini mara mbili. Nimekuona huko kwenu Unguja, Mwanakwerekwe, ukumbi umejaa, umeme unakatika na kurudi, watu wazima wanakusukuma, na wewe unasogea hatua tatu kushoto dakika nzima kabla mlango haujafunguliwa. Hakuna aliyekufundisha hilo darasani.

Basi huyo Mo, ndivyo walivyozoea kumwita Mohamed, hakuishia kwenye mapinduzi. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima, akateswa, akatoka, akaendelea na kazi akiwa Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969 waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji, Mo alifika mapema na kamera yake, na picha zile zilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni Uingereza. Alikuwa Uganda Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971. Mwaka 1980, yeye na Brian Barron wa BBC wakamfuata huyo huyo Idi Amin uhamishoni Saudi Arabia, wakamhoji.

Ukiishia hapo utasema huyu ni mtu wa habari za moto tu. Lakini katikati ya hayo alipiga picha Hija, akatoa kitabu chake mwaka 1978. Alizunguka Ziwa Turkana. Akatengeneza vitabu vikubwa vya picha, vya nchi na wanyama na barabara, vile ambavyo watalii hununua Nairobi wakarudi navyo makwao. Kampuni yake ilichapisha miongozo ya wasafiri, na jarida la Selamta ambalo abiria wa Ethiopian Airlines walilikuta mbele ya viti vyao. Hizo ni kazi za biashara kabisa, somo, na wapo waliomhesabu mfanyabiashara kwa ajili yake. Mimi naona kinyume. Mpiga picha mwenye ofisi yake, mafundi wake na mapato yake mwenyewe hakai akingoja apelekwe na mtu.

Sasa Korem. Hapa naomba univumilie, maana ndipo nilipolia.

Septemba 1984 serikali ya Addis Ababa ilisherehekea miaka kumi ya mapinduzi yake, na haikuwa na haja ya wageni wenye kamera kule kaskazini. Vibali vilikuwa vigumu. Mo alikuwa na watu aliofahamiana nao kwa miaka mingi ya kwenda na kurudi, wa maofisini na wa viwanja vya ndege, akabembeleza, akasukuma, akapata. Oktoba akaingia na Michael Buerk wa BBC. Korem iko nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, usiku baridi inauma mno. Wakafika alfajiri wakakuta maelfu ya watu wamelala nje uwanjani, wamejifunika mashuka mepesi, na wengine hawakuamka.

Itazame tena ile taarifa, lakini safari hii zima sauti. Kamera haikimbii. Inapita taratibu juu ya umati, inafika kwa mtu mmoja, inakaa. Mtu anakutazama, nawe unalazimika kumtazama. Nadhani, na haya ni maoni yangu tu, mkono ule ulizoea umati kule Makka, ukajifunza kwamba watu laki moja hawaonekani mpaka umwonyeshe mmoja. BBC waliirusha tarehe 23 Oktoba, karibu dakika saba nzima, muda ambao taarifa ya habari haimpi mtu hivi hivi. Baadaye vituo zaidi ya 400 duniani vikairudia. Krismasi ile Uingereza wakaimba kuchangia, na tarehe 13 Julai 1985 London na Philadelphia wakafanya tamasha la siku moja ambalo dunia nzima ililitazama.

Najua utakachosema, maana ulikuwa ukikisema tangu chuoni: kwamba wale watu wa Korem hawakupewa nafasi ya kusema, na vita vilivyochangia ile njaa havikuelezwa vya kutosha. Ni kweli. Kwa muda mrefu Ulaya ilituona kwa sura ile moja tu. Lakini tazama alichokuja kufanya miaka iliyofuata: akawa mtayarishaji wa kipindi cha kila wiki cha televisheni, Africa Journal, Waafrika wakieleza habari za Afrika, biashara, sanaa, siasa, maisha ya kawaida. Mtu aliyezoea kupiga matukio aligeuka akajenga kipindi, akakaa na ratiba na bajeti na vijana wa kufundishwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake isiyosifiwa inavyostahili, kwa sababu haina siku moja ya kukumbukwa. Ina Jumatatu nyingi tu.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa anapiga picha. John Mathai, fundi sauti wake, akafa pale pale. Mo akakatwa mkono wa kushoto. Nimekaa muda mrefu na jina la Mathai, somo. Sisi tunaoshika kamera hutajwa. Anayeshika kipaza sauti hatua mbili nyuma yetu hutajwa akifa. Usinisahaulishe hilo siku tutakapoandika majina mwishoni mwa filamu yako. Mo akawekewa mkono wa bandia Marekani, na haikuchukua muda mrefu akawa amerudi nyuma ya kamera.

Mwisho wake unaukumbuka. Novemba 23, 1996, tulikuwa darasa la nne, na kwa jirani kulikuwa na televisheni ya kuangalia kwa zamu. Ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis kwenda Nairobi ikatekwa na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Mafuta yakaisha, ikaangukia baharini Ngazidja, visiwa vya Komoro, karibu na ufukwe wa hoteli. Watu 125 kati ya 175 wakafa. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama akizungumza na watekaji. Brian Tetley, aliyemwandikia maneno ya vitabu vyake vingi, alikuwa safarini pamoja naye, akafa naye.

Zile picha za ndege ikigusa maji na kuvunjika, zilizoonyeshwa dunia nzima, unajua zilipigwa na nani? Wana ndoa wawili wa Afrika Kusini waliokuwa fungate ufukweni pale, na kamera yao ya kupigia kumbukumbu za nyumbani. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini nikakukumbuka wewe.

Sasa turudi kwenye wasifu wako, maana siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni tarehe 30 na nakujua unavyochelewa. Filamu unayoomba fedha ni ya wanawake wa mwani wa Jambiani. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba watu wa vituo vikubwa walishakwenda pale mara mbili, wanawake wakawapa tabasamu na maneno mawili matatu, basi. Wewe walikuingiza ndani. Wakakuonyesha vidole vilivyochubuliwa na chumvi, daftari za madeni, na yule bibi akakueleza la mumewe ambalo hajamweleza mtu. Kwa nini? Kwa sababu ulimpigia mjukuu wake harusi, ukaona bajeti yao ilivyo, ukapunguza bei bila kutangaza. Hilo liandike kwenye maombi, ukurasa wa kwanza, kwa maneno hayo hayo. Kipindi cha mapishi kiandike pia: vipindi 26 kwa wakati, bila kuruka wiki, na timu ya watu wanne. Tangazo la sabuni liandike kwamba ndilo lililonunua lenzi. Na yule mzee akikuuliza tena wewe ni nani, mjibu.

Nitakuhariria ile sampuli ya dakika tano bure, hilo halina mjadala. Nahitaji diski yenye picha zote za Jambiani, hata zile unazoona mbaya, hasa ile ya bibi akiwa kimya anafunga kamba. Nahitaji na sauti ya asili ya pale maji yanapokupwa, dakika tatu bila mtu kuongea. Kama hukurekodi, kesho asubuhi nenda ukarekodi kabla hujafanya jingine.

Panda boti ya kwanza Alhamisi, Dar usilale, unganisha basi la mchana. Nitakuwa stendi ya Kange kuanzia saa moja usiku, na ukichelewa nitangoja. Njoo na chaja yako, yangu imekufa.

Ni mimi somo yako,
Tanga