Panya aliyepona si mgonjwa aliyepona

Mhariri,

Juma lililopita mama yangu mdogo, anayeugua saratani, alinitumia habari ya gazeti kwamba chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho zinazobeba dawa, zimemaliza uvimbe. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo nitaipata lini?" Kazi yangu ni kutengeneza chembe za aina hiyohiyo maabarani, kwa hiyo niliisoma habari yote kwa makini. Neno "panya" nililikuta aya ya mwisho.

Siupingi utafiti huo. Naupenda, na ndio unaonilisha. Ninachoomba ni wasomaji waelezwe safari inayobaki baada ya panya kupona.

Uvimbe wa panya wa maabara mara nyingi hupandikizwa chini ya ngozi, ukakua kwa wiki chache tu, na mishipa yake ya damu huwa na matundu yanayopitisha chembe. Matumaini mengi ya fani yetu yalijengwa juu ya matundu hayo tangu watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walipoandika juu yake mwaka 1986. Uvimbe wa binadamu huchukua miaka kukua, na mishipa yake hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa, hata kati ya uvimbe mmoja na mwingine katika mwili uleule. Tena hata kwa panya hali si nzuri kiasi hicho. Mwaka 2016 timu ya Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto ilipitia tafiti za miaka 10 na kukuta kwamba, kwa kawaida, asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa hunaswa na ini na wengu, viungo ambavyo kazi yake ni kuchuja damu. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba dawa "inakwenda moja kwa moja kwenye saratani", anamdanganya mgonjwa hata kama hakukusudia.

Kuna na usalama. Chembe ikiingia kwenye damu hufunikwa na protini papo hapo, na kinga ya mwili huitambua kwa vazi hilo, si kwa umbo tulilolipima sisi. Ferumoksitoli, chembe za chuma za kutibu upungufu wa damu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009. Mwaka 2015 ikawekewa onyo la ngazi ya juu kabisa kwa sababu ya mzio unaoweza kuua, na hiyo ni dawa iliyokuwa imekwisha kupita majaribio.

Lakini linaloninyima usingizi ni jambo ambalo sijaliona likiandikwa gazetini: kurudia. Kutengeneza mililita chache zilizo sawa ni kazi ya siku moja. Kutengeneza malita, kila toleo (yaani kila mkupuo unaotengenezwa kwa mara moja) likiwa na chembe za ukubwa uleule, zenye kubeba dawa kiasi kilekile, zisizo na mabaki ya bakteria, ni kazi ya miaka. Nimewahi kufuata maelekezo yaleyale kwa mikono yangu hii, siku mbili tofauti, nikapata chembe tofauti. Ukubwa ukibadilika, njia yake mwilini nayo hubadilika. Kazi hii haina picha ya kuvutia, na kupata fedha za kuifanya ni taabu tupu.

Zilizofanikiwa zipo. Doxil, dawa ya saratani ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta za nano, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Katika saratani ya matiti iliyosambaa haikurefusha maisha kuliko doksorubisini ya kawaida, ila iliupunguzia moyo madhara, ingawa ilileta vidonda vya viganja na nyayo. Kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu, hiyo ni nafuu kubwa, na inastahili kuelezwa hivyo hivyo ilivyo.

Naomba basi, habari ikiwa ya panya, neno hilo liwe kwenye kichwa cha habari. Mwandishi pia amuulize mtafiti ni matoleo mangapi yaliyotengenezwa, na ini la yule panya lilikuwaje.

Mama mdogo nilimjibu kwamba dawa ile haipatikani hospitalini, na kwamba aendelee na zile alizoandikiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini gazeti halikumwambia hivyo tangu mwanzo. Nilikosa la kumjibu, ndiyo maana nimekuandikia.

Msomaji wako,
Mtafiti wa dawa