Viungo Havikutangulia: Uholanzi Ilianza kwa Nafaka na Wakimbizi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu jamhuri ya Waholanzi imeandikwa kwa lugha tamu, na nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likitenga nafasi kubwa kwa historia ya aina hiyo. Lakini mwandishi amepanga matukio kinyumenyume, na kosa hilo lina madhara. Anasema Waholanzi walikwenda Mashariki, wakarudi na viungo, wakatajirika. Kisha, walipokwisha kushiba, ndipo wakaanza kuvumiliana katika dini. Hoja hii naisikia sana siku hizi, hata pale ambapo hakuna anayezungumzia Uholanzi: tajirikeni kwanza, uhuru utakuja wenyewe. Naomba nafasi nirudishe tarehe mahali pake.

Meli za kwanza za Waholanzi kufika Asia ziliondoka mwaka 1595 chini ya Cornelis de Houtman, zikarudi 1597. Zaidi ya nusu ya mabaharia walikufa, na shehena iliyoletwa ilikuwa haba. VOC, kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Asia, iliundwa Machi 1602. Mkataba wa Utrecht, uliounganisha majimbo ya kaskazini dhidi ya Mfalme Philip II wa Hispania aliyekuwa akiyatawala, ni wa Januari 1579. Kifungu chake cha 13 kinasema kila mtu abaki huru katika dini yake, na asiwepo wa kusakwa wala kuhojiwa kwa sababu ya imani. Kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 1564, William wa Orange, aliyekuja kuongoza uasi huo na wakati huo bado Mkatoliki, aliliambia Baraza la Taifa mjini Brussels kwamba hawezi kukubali wafalme watawale dhamiri za raia wao. Na Julai 1581 majimbo yalimkana Philip kwa hati inayotamka kwamba Mungu hakuwaumba raia kwa ajili ya mfalme, bali mfalme yupo kwa ajili ya raia. Yote haya yalisemwa na kuandikwa kabla meli ya Kiholanzi haijaleta hata gunia moja la kungumanga kutoka Asia.

Mwandishi anaweza kunijibu kwamba walikuwa tayari na fedha. Ni kweli, walikuwa wameanza kujiweza, lakini si kwa viungo. Ardhi ya jimbo la Holland ni mboji iliyolala juu ya maji. Wakulima wa Zama za Kati walipochimba mitaro kuikausha ili walime, udongo ulinywea na kushuka, kila kizazi kikaukuta umezama zaidi, hadi nafaka ikawa haistawi tena. Watu wakageukia ng'ombe, siagi na jibini, kitani, uvuvi wa samaki aina ya heringi na kazi za melini. Mkate ukawa hauna budi kununuliwa nje. Meli za Amsterdam, Hoorn na Enkhuizen zikawa zinapeleka chumvi ya Ufaransa na Ureno, heringi na nguo hadi Danzig (leo Gdańsk, Poland) katika Bahari ya Baltiki, na kurudi na rai (nafaka ya mkate mweusi), ngano, mbao na lami. Kila meli iliyopita mlango wa bahari pale Helsingør ililipa ushuru kwa mfalme wa Denmark, na daftari za ushuru huo zipo mpaka leo. Katika karne ya 16 hakuna taifa lililopitisha meli nyingi pale kuliko Waholanzi. Biashara hiyo ya Baltiki wenyewe waliiita mama wa biashara zote, na hata VOC ilipovuma dunia nzima, meli zilizotumwa Asia kila mwaka zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile zilizobeba nafaka, chumvi na magogo ndani ya Ulaya.

Biashara hiyo haivutii wapiga picha wala watunzi wa filamu, na nadhani ndiyo sababu makala iliiruka. Lakini ndiko ulikozaliwa ufundi wao wote. Faida ya gunia la rai ni ndogo, kwa hiyo ushindi uko katika gharama ya kulibeba. Katika miaka ya 1590, mafundi wa Hoorn walianza kuunda meli iitwayo fluyt: tumbo pana, mizinga michache au hakuna kabisa, kamba na matanga yaliyopangwa ili mabaharia wachache waweze kuiendesha. Miaka hiyohiyo Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest alibuni kinu cha upepo cha kupasua mbao, na kando ya mto Zaan vinu vya namna hiyo vikaongezeka kila mwaka. Umiliki wa meli uligawanywa kwa mafungu: moja ya nane, moja ya kumi na sita, hata moja ya sitini na nne. Mwoka mikate au nahodha mstaafu aliweza kuwa na fungu katika meli kadhaa, na ikizama moja hakufilisika. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa hisa ni nini mwaka 1602.

Sasa wakimbizi. Agosti 1585 jeshi la Hispania liliiteka Antwerp, mji tajiri kuliko yote kaskazini mwa Ulaya. Waprotestanti walipewa miaka 4: warudi katika Ukatoliki au wauze mali waondoke. Wakazi walikuwa zaidi ya 80,000. Kufikia 1589 walibaki kama 42,000. Haki inadai niseme pia kwamba waasi wa kaskazini walichangia kuinyonga Antwerp, kwa kuufunga mto Scheldt ili meli zisiingie. Waliohama walibeba vilivyobebeka: fedha, ustadi wa kufuma nguo, kusafisha sukari na kukata almasi, na majina ya wateja kutoka Lisbon hadi Venice. Leiden, iliyokuwa na watu wapatao 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1580, ilipita 40,000 mwaka 1622, wengi wakiwa wafumaji kutoka majimbo ya kusini, upande wa Antwerp, na watoto wao.

VOC ilipofungua daftari la hisa mjini Amsterdam mwaka 1602, watu waliandikishwa nyumbani kwa Dirck van Os, mfanyabiashara aliyetoka Antwerp. Waliojiandikisha walikuwa 1,143, na zaidi ya theluthi ya fedha ilitoka kwa watu wa kusini. Hata kijakazi wa nyumba ile, Neeltgen Cornelis, aliweka gilda 100, fedha ya Kiholanzi. Kwa hiyo meli za viungo zenyewe zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za watu waliofukuzwa kwao kwa sababu ya dini na wakapata mji uliowapokea. Mlango ulifunguliwa kwanza, mali ikaingia baadaye.

Simaanishi kwamba uvumilivu wao ulikuwa upendo. Yalikuwa mapatano, na yalikuwa na mipaka migumu. Wakalvini, Waprotestanti wafuasi wa Calvin, pekee ndio waliokuwa na kanisa la hadharani na ofisi za serikali. Wakatoliki, waliokuwa wengi, walisali ndani ya nyumba zisizoonekana kama makanisa kwa nje, na mara nyingi walilazimika kumlipa afisa wa mji ili afumbe macho. Kanisa moja la darini Amsterdam, la mwaka 1663, unaweza kulitembelea hata leo. Wayahudi hawakufungiwa mtaa wao, na mwaka 1675 walizindua sinagogi kubwa wazi mbele ya watu wote, lakini sheria ya mji ya 1616 iliwakataza kuoana na Wakristo, na vyama vingi vya mafundi viliwafungia nje. Mwaka 1619 Johan van Oldenbarnevelt, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyeijenga jamhuri hiyo kuliko karibu mtu yeyote, alikatwa kichwa The Hague katika mgogoro uliochanganya siasa na mafundisho ya Kikalvini.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni wa watu wawili waliofahamiana. Mwanafalsafa Spinoza aliandika kwa Kilatini, bila jina lake, mwaka 1670. Kitabu kilipigwa marufuku 1674, lakini yeye alifia katika nyumba aliyopanga, si gerezani. Adriaan Koerbagh aliandika mawazo yanayokaribiana na hayo kwa Kiholanzi, lugha ya sokoni, akaweka na jina lake. Mwaka 1668 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na mwaka uliofuata akafa gerezani. Wakubwa wa miji walivumilia wasomi kunong'onezana. Mtu wa kawaida kusikia ndiko kulikowatisha.

Ng'ambo ya bahari hata hayo mapatano hayakuwepo, na hapa makala yenu iliniumiza zaidi, kwa kuiita safari ya VOC kuelekea Mashariki safari ya amani ya wafanyabiashara. Pwani yetu ilikuwa shahidi wa mapema. Mwaka 1607 Paulus van Caerden aliizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, akashindwa, akauchoma mji. Mwaka uliofuata akaja Pieter Verhoeff na msafara mwingine, akashindwa pia, akaendelea hadi visiwa vya Banda (katika Indonesia ya leo), mahali pekee duniani palipotoa kungumanga na basibasi kwa wakati ule. Huko, mwaka 1609, wenyeji waliokuwa wakipinga kujengewa ngome walimuua. Katika msafara huo alikuwamo karani kijana wa biashara, Jan Pieterszoon Coen. Mwaka 1621 alirudi Banda akiwa Gavana Mkuu. Visiwa vilikuwa na watu wapatao 15,000. Alipomaliza, waliobaki visiwani walikadiriwa kuwa kama 1,000. Wazee wa Banda 44 walikatwa vichwa. Mashamba ya kungumanga yakagawiwa Wazungu na kulimwa na watumwa. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya pili, ya Magharibi, ambayo iliteka Elmina (Ghana ya leo) 1637 na Luanda (Angola ya leo) 1641 ili kulisha mashamba ya sukari ya Brazil kwa watumwa Waafrika.

Wenye hisa wa kampuni hizo walikuwa raia wa miji ileile iliyokataza mtu kusakwa kwa imani yake. Sioni namna ya kuisimulia habari moja bila nyingine, na sioni kwa nini msomaji wa Kiswahili aletewe ile ya kwanza peke yake.

Ombi langu ni mambo mawili. Chapisheni sahihisho kuhusu mfuatano wa matukio, kwa sababu wanafunzi hukata makala zenu na kuzibandika madarasani. Na mpeni mwandishi huyohuyo, ambaye kalamu yake ni nzuri, kurasa za kuandika kuhusu Banda na kuhusu zile mara mbili Kisiwa cha Msumbiji kilipozingirwa.

Wako,
Mwalimu wa historia, Morogoro