Wakaguzi, fungueni na kisanduku cha betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wamiliki wa boti za injini wa Mtwara na Lindi, manahodha wao, na wakaguzi wanaoziruhusu boti hizo kupakia watu. Mimi ni fundi umeme wa boti, naishi na kufanya kazi Mikindani. Umeme wa majumbani nilisomea chuoni. Wa baharini nilifundishwa na mhandisi mstaafu wa meli aliyerudi kuishi kwao hapa hapa. Wateja wangu ni boti za kupeleka wageni Msimbati na kwenye hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, pamoja na zile yoti, boti za starehe zenye vyumba vya kulala, zinazoingia ghuba yetu kwa sababu imejikinga na upepo.

Jambo langu ni moja. Betri ya kuwashia injini isitumike kwa kitu kingine chochote, na boti ya abiria isiyo na betri ya pili kwa mahitaji mengine isiruhusiwe kutoka mpaka iwe nayo. Sizungumzii vyombo vidogo vya mashine ya kuvuta kamba, kwa maana betri ikifa pale mtu anavuta kamba na safari inaendelea. Nazungumzia boti kubwa ambazo bila stata, ile mota ya umeme inayoamsha injini, haziwaki hata mvute watu kumi.

Msimu wa kusi uliopita boti moja ya wageni ilitia nanga nje ya Msimbati tangu mchana. Injini ilizimwa ili wageni waogelee kwa utulivu. Friji ya vinywaji ikaendelea, muziki ukaendelea, na jioni taa zikawashwa. Vyote vilikula betri moja, ileile ya stata. Saa kumi na mbili nahodha alipogeuza ufunguo, stata ilipiga kelele moja fupi ikanyamaza. Upepo wa kusi pale unasukuma kuelekea nchi kavu, na nanga ilishaanza kuburuta. Akashika redio. Kusikiliza ilisikiliza vizuri, ila kila alipobonyeza kuongea ikazimika. Siku ile waliokolewa na wavuvi waliokuwa wanarudi na ngalawa, wakafunga kamba na kuwashikilia hadi boti nyingine ilipofika. Asubuhi yake niliitwa. Nilipima betri kabla sijaigusa, nikakuta volti 10.9.

Kwa asiyejua hesabu hizo: betri ya risasi ya volti 12, ikiwa imejaa na imetulia, inasoma kama 12.7. Ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.8 haina kitu cha kukupa. Na ile redio haikuwa mbovu. Redio ya VHF ya wati 25 inaposikiliza inakula kama nusu ampea, lakini unapoongea inataka ampea tano au zaidi kwa mpigo mmoja. Betri iliyochoka inaweza kulisha masikio yake, mdomo haiwezi. Nahodha anaamini ana redio, kumbe saa ya kuita msaada kwenye chaneli 16 hana.

Watu wengi wanaoingia kwenye biashara hii wametoka nchi kavu, na nchi kavu ya Mtwara ina bahati yake. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, leo inazalisha umeme, na mtu akibonyeza swichi hajiulizi umetoka wapi. Baharini kila boti ni TANESCO yake yenyewe. Unazalisha, unahifadhi, unagawa, na ukigawa zaidi ya ulichonacho hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo kabla mtu hajanunua friji au spika ya pili, akae na kalamu.

Nichukue boti ya vyumba viwili inayolala nangani hapa ghubani mwezi wa Januari. Friji ya volti 12 inakula kama ampea 5 inapozunguka, na kwa joto letu inazunguka nusu ya siku au zaidi. Saa 12 mara ampea 5 ni ampea-saa 60. Feni mbili za nusu ampea kila moja, usiku mzima wa saa 10, ni 10 nyingine. Taa ya nanga yenye balbu ya zamani ya wati 10 inakula karibu 10 kuanzia jioni hadi asubuhi. Ukiweka ya LED ya wati 2 inashuka hadi 2 tu, na hapo ndipo ningemwambia kila mmiliki aanzie, maana hakuna badiliko la bei ndogo kuliko hilo. Redio ikisikiliza mchana na usiku ni 12. Weka 15 kwa taa za ndani, simu za wageni na pampu ya maji. Tumeshapita 100.

Sasa betri. N100 ina ampea-saa 100 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo inakupa 50. Hata mbili zilizojaa kabisa zinapungua kidogo, na hapo ya stata iko pembeni haijaguswa. Halafu mtu anakuja na birika la umeme la wati 2,000, anataka nimfungie inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, achemshie wageni chai. Wati 2,000 kwenye volti 12 ni ampea 167, na ukijumlisha zinazopotea ndani ya inveta unakaribia 190. Betri ya N70 haivumilii hilo, na waya aliokuja nao mkononi ungeyeyuka. Chai ichemshwe kwa gesi, mtungi ufungwe vizuri nje ya chumba.

Kujaza nako kuna uongo mwingi. Altaneta, ile inayozungushwa na injini kujaza betri, ikiwa imeandikwa ampea 60 haitoi 60 injini ikiwa inaunguruma polepole. Na betri ya risasi inapokea haraka mwanzoni tu, ile sehemu ya tano ya mwisho inachukua saa nyingi hata ukiwa na chaja kubwa namna gani. Boti inayofanya safari fupi fupi za kuvuka kwenda Msanga Mkuu haijazi betri yake hata siku moja. Inaishi nusu, na betri inayoishi nusu inaota chumvi ngumu kwenye sahani zake hadi inakufa. Dawa ninayowapa wateja wangu ni sola. Paneli ya wati 100 juu ya paa, siku ya jua zuri, inarudisha karibu ampea-saa 30, polepole na bila kelele, hata boti ikiwa imefungwa gatini wiki nzima.

Kutenganisha betri mbili si kazi ya gharama kubwa. Kuna rilei, yaani swichi inayojiendesha, inayosikiliza volti. Injini ikiwaka na volti kupanda kufika kama 13.3, inaziunganisha betri zijazwe pamoja. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8, inazitenganisha yenyewe, nahodha hana haja ya kukumbuka. Ongeza swichi moja ya mkono ya kuziunganisha kwa dharura, basi. Kazi hii huwa naimaliza kwa siku moja. Bei ya vifaa vyote haifiki bei ya friji ile iliyosababisha balaa la Msimbati.

Kwenye yoti kubwa zenye jenereta tatizo hugeuka. Pale umeme upo mwingi, lakini si wote kwa wakati mmoja. Kiyoyozi kinapoanza kinavuta mara kadhaa ya kile kinachokula kikishatulia, na ukikiwasha pamoja na hita ya maji na jiko, jenereta inazidiwa. Na kinyume chake kipo: kuiacha jenereta ya dizeli iungurume usiku kucha kwa ajili ya friji moja na simu nne. Dizeli isiyopewa mzigo wa kutosha haichomi mafuta yake vizuri, inajaa masizi ndani. Mabaharia, iwasheni saa mbili au tatu, ipeni kazi ya kweli, jazeni betri, pozeni friji, pashieni maji, halafu izimeni. Wanaovuta umeme wa nchi kavu kwa kebo ya ampea 16 wakumbuke kwamba kwa volti 230 hiyo ni wati 3,680 na si zaidi, na kebo iliyokunjwa kunjwa juani inapata joto mapema.

Kinachoniuma kuliko vyote ni waya. Naingia kwenye boti iliyopakwa rangi mpya, viti vya ngozi, nikiinua mbao za sakafu nakutana na waya wa nyumbani, ule wa ukuta wenye uti mmoja mgumu. Waya huo haukutengenezwa kutikiswa. Mtikisiko wa injini unauchosha hadi ukatike ndani huku nje unaonekana mzima. Hata ule wa nyuzi nyingi, kama shaba yake haikupakwa bati, chumvi inautambaa ndani ya plastiki. Nimekata waya wa taa ya tezi, taa ya nyuma ya boti, nikategemea kuona shaba, nikaona unga wa kijani na mweusi. Nikakata tena shibiri moja nyuma, unga. Nikaendelea hivyo hadi karibu na swichi. Mmiliki alikuwa amebadilisha balbu tu kila taa ilipofifia. Waya mbovu au mwembamba unakula volti njiani. Kwa taa za kuonyesha boti usiku na kwa redio, zisipotee zaidi ya asilimia 3 kutoka kwenye betri hadi kwenye chombo.

Na fyuzi. Nimetoa fyuzi iliyofungwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kwenye boti inayotumia petroli, betri ikiwa imewekwa jirani na tangi. Ndugu Mhariri, hilo si la kusamehe. Betri ya risasi inapojazwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Mvuke wa petroli ni mzito, unashuka na kutulia kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, haupandi ukaondoka wenyewe. Cheche moja inatosha. Fyuzi kuu inatakiwa ikae karibu kabisa na kichwa cha betri, isizidi shibiri moja, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu.

Sasa zimeanza kuingia betri za lithiamu. Sizipingi, ni nyepesi na unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji yake. Lakini ukiitoa ya risasi na kuiweka ya lithiamu mahali pale pale bila kubadilisha kingine, itaidai altaneta umeme wake wote bila kupumzika, na nimeona altaneta zilizoungua kwa sababu hiyo. Iwekewe chaja yake kati ya altaneta na betri. Na simu, kamera na taa za kuzamia zisichajiwe usiku mahali ambapo hakuna aliye macho. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua pwani ya California, Marekani, ikaua watu 34 waliokuwa wamelala chini. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha moto ulianzia kwenye kitu gani, lakini walisema ulianzia sehemu ya nyuma ya ukumbi, na huko vifaa vya wageni vilikuwa vinachajiwa. Walichothibitisha ni kwamba hakukuwa na mlinzi wa zamu. Boti zetu zinazolaza wageni Kilwa na Mikindani ziwe na mtu wa zamu usiku, alipwe kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wanapopanda boti ya abiria huku kusini, baada ya kuhesabu makoti ya kuokolea maisha wafungue na kisanduku cha betri. Wazime injini, wawashe kila kinachowaka kwa nusu saa, kisha wamwambie nahodha aite kwa redio na awashe injini. Jaribio hilo halihitaji kifaa wala elimu ya juu. Boti ikishindwa, ibaki gatini.

Wamiliki nawaomba wawanunulie manahodha kipima volti na daftari. Volti ziandikwe asubuhi kabla ya injini kuwashwa na jioni baada ya kufunga kamba. Betri inayoelekea kufa inajionyesha kwenye daftari hilo wiki kadhaa kabla.

Na chuo cha VETA Mtwara kifikirie kozi fupi ya umeme wa boti kwa vijana wa Mikindani, Msimbati, Lindi na Kilwa. Niko tayari kuja kufundisha sehemu ya betri na waya, na vipande vya waya vilivyooza vya kuonyesha darasani ninavyo vya kutosha.

Fundi umeme wa boti,
Mikindani, Mtwara