Zuhura, sikupaswa kunyamaza

Marangu, 2 Januari 2024

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na watoto na baba yao. Sisi huku ni wazima. Mvua zimepitiliza msimu huu, kihamba chote ni tope na migomba miwili imelala, lakini ukikumbuka mafuriko na tope yaliyowapata watu wa Katesh mwezi uliopita huwezi kulalamikia migomba.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara nne, na mara zote nimefuta.

Ni kile kikao cha sendofu ya Happy, pale Soweto ya Moshi, mwezi wa kumi. Bajeti ilikuwa imeshapita, tumebaki tunakunywa chai, televisheni inaonyesha Gaza. Mmoja wetu akasema wapigwe tu mpaka waishe, ardhi ile Mungu alishaigawa zamani. Mwingine akamjibu, na wale vijana wenu nani aliwatuma kwa Mayahudi, si wamepata walichofuata. Ukasimama, ukachukua mkoba, ukasema unawahi gari. Kikombe chako kilikuwa bado kimejaa, chai imeanza kufanya utando juu. Mimi ndiye niliyekaa ubavuni kwako. Waliosema yale wote wawili ni rafiki zangu, ningeweza kuwakemea wote wawili na wangenisikiliza. Badala yake nilibeba kikombe chako hadi jikoni nikamwaga ile chai. Hilo tu ndilo nililofanya. Naomba unisamehe, na sitakupa sababu yoyote maana sina.

Sasa nikusimulie ya nyumbani. Nataka uyajue.

Krismasi ya huku unaijua, ulishakula nasi ukiwa kidato cha tatu. Kila aliye Dar, Dodoma au Mwanza hupanda mlimani. Baba mdogo Elibariki alikuja kutoka Arusha na mama mdogo Mwanaidi. Siku ya pili yake, ndafu imeshaisha, watu wamekaa chini ya mparachichi na mbege, Godlisten akaanza. Godlisten ni yule mtoto wa shangazi mwenye Noah. Siku hizi kioo cha nyuma amekibandika bendera ya Israeli. Akasema kuiombea Israeli ni amri, na atakayeisema vibaya hatabarikiwa yeye wala nyumba yake. Nikamuuliza kama Israeli ya kitabu cha Mwanzo ndiyo hii yenye serikali iliyotangazwa Mei 1948. Akasema ndiyo hiyo hiyo, nimesomea nini mpaka nisijue.

Huyo niliweza kumjibu. Aliyenishinda ni baba.

Baba si mtu wa kelele. Alingoja tumalize, akasema JKT, Jeshi letu la Kujenga Taifa, ilipoanzishwa mwaka 1963 Waisraeli walitusaidia kuiunda, na ni watu waliotufundisha mengi. Kisha akasema tarehe 7 Oktoba, Hamas walipoivamia Israeli, waliuawa watu wapatao 1,200 kwa siku moja, na zaidi ya 200 wakaburutwa kwenda Gaza, na humo humo wakafa vijana wetu wawili kati ya Watanzania karibu 260 waliokwenda kujifunza kilimo. Mmoja tumemzika Rombo Novemba, saa moja tu kutoka hapa. Wa pili serikali imetutangazia Desemba kwamba naye aliuawa siku ile ile, na mwili bado unashikiliwa. "Ndeshi," akaniambia, "Amin alipoingia Kagera mwaka 1978, sisi tulikaa kimya?"

Nikajibu haraka, na sasa naona nilijibu kama mtoto. Nikamwambia sisi tulipigana na Amin, hatukutangaza kwamba Waganda wasipate chakula, maji wala umeme, kama ilivyotangazwa kwa Gaza siku mbili tu baada ya shambulio. Baba akanyamaza. Unajua alikuwa dereva wa malori ya jeshi kwenye vita ile, ingawa haizungumzii kabisa. Akageuza kata mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Masaka unajua tuliiachaje? Na Mbarara?"

Sikujua. Amenieleza kidogo. Jeshi letu liliipiga miji ile miwili ikabaki magofu, kulipiza kilichofanyika Kagera. Alipita Masaka nyuma ya mizinga akaona soko halina paa, na mwanamke mmoja anafagia mbele ya duka ambalo nyuma yake hakuna kitu tena. Anafagia tu. Baba akasema amekuwa akimkumbuka tangu Oktoba, kila taarifa ya habari ikianza.

Nikabaki na hilo, Zuhura. Nilidhani baba anaitetea vita, kumbe alikuwa anajiuliza. Mpaka leo sijapata jibu zuri la kumpa kuhusu nchi ifanye nini ikishambuliwa. Ninachojua ni kwamba Gaza, kwa hesabu za wizara yao ya afya, wamepita 21,000, wengi wao wanawake na watoto, katika ukanda usiofika hata kilomita 50 kwa urefu, na hawana pa kukimbilia. Jibu lolote litakaloitwa zuri lazima lipite kwanza hapo. Na lazima lipite pia kwenye kaburi la Rombo. Wanaotaka nichague kimoja siwaelewi tena.

Godlisten hakuona kwamba baba ameguswa. Akaendelea. Akasema wale wa Gaza si watu, ni wanyama, hata waziri wa ulinzi wa Israeli alisema.

Baba mdogo akaweka kata chini. Huenda hukuwahi kuambiwa kwamba aliendesha gari la Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, kwa miaka mingi, akipeleka na kurudisha wakalimani pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha. Akasema, "Godlisten mwanangu, neno hilo nimelisikia kabla yako. Waliwaita watu mende." Akatueleza asubuhi ya tarehe 2 Septemba 1998, ameegesha nje, wakalimani wanatoka wamechoka na mmoja analia: Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ametiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilifanyika Arusha yetu. Akasema wale wakalimani walimfundisha kitu kimoja garini: majaji hawakuishia kwenye idadi ya maiti, walitafuta nia. Nia waliitafuta kwenye matendo, na pia kwenye midomo. Mwaka 2003 wakawahukumu watu watatu wa redio na gazeti, kwa yale yaliyotangazwa na kuchapishwa.

"Sisemi Gaza ni kimbari," akasema. "Hilo ni la majaji na ushahidi. Nasema usimwite mtu mnyama kwenye uwanja wa kaka yangu."

Hakuna aliyejibu. Godlisten akaenda kwenye gari akakaa humo muda mrefu.

Na muda wote huo, Zuhura, mama mdogo Mwanaidi alikuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka mparachichini, mlango wazi. Anamenya ndizi. Nilipoingia nilimkuta vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, kisu kimenata, beseni limejaa, na bado anamenya, ndizi ambazo hakuna mtu angezila usiku ule. Miaka 22 ameolewa kwenye ukoo huu, kila Krismasi anapika nasi na kila Idi mama anampelekea mbuzi, na tulikuwa tumejadili dini yake kana kwamba hayupo. Nikamwomba radhi. Hakusema chochote kuhusu vita. Aliniuliza, "Yule kijana wa Rombo, mama yake yupo?" Nikasema yupo. Akasema tungepaswa kwenda kumpa pole kabla hawajarudi Arusha. Tulikwenda tarehe 28, yeye na mama na mimi. Hayo ya huko siyaandiki, si yangu.

Kabla sijasahau, la mama. Mama anaimba kwaya ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, tangu usichana, na kwake Israeli ni neno la nyimboni, halina ndege wala vifaru. Usiku nikamwonyesha kwenye simu picha ya Kanisa la Kilutheri la Krismasi, kule Bethlehemu. Krismasi hii Bethlehemu walifuta sherehe. Kanisa lile badala ya hori likarundika vipande vya zege na mawe, wakamlaza mtoto Yesu juu yake, amezungushiwa kile kitambaa cheusi na cheupe cha Wapalestina. Mchungaji wao, Munther Isaac, alihubiri kwamba Yesu angezaliwa leo, angezaliwa chini ya kifusi cha Gaza. Mama akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na taa. "Hawa ni Walutheri? Waarabu?" Nikamwambia Askofu Munib Younan wa Jerusalem, Mpalestina, ndiye aliyeongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kutoka 2010 hadi 2017, kiti kile kile alichokalia Askofu Josiah Kibira wetu wa Bukoba kuanzia 1977. Jina la Kibira analijua vizuri. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaambia.

Swali hilo nalibeba na mimi. Nimesali miaka 38 katika kanisa lenye ndugu kule na sikuwahi kuwasikia wakitajwa kwenye maombi. Tungewajua, nani angepata ujasiri wa kusema pale Soweto kwamba vita ile ni ya Wakristo na Waislamu? Gaza kwenyewe yapo makanisa. Tarehe 16 Desemba mama mmoja na binti yake waliuawa kwa risasi ndani ya uwanja wa parokia ya Familia Takatifu, na Papa Fransisko akalisema kesho yake.

Jumapili mama alimfuata mzee wa kanisa kabla ya ibada. Katika maombi wakatajwa Gaza, Bethlehemu, mateka ambao hawajarudi, na familia ya Rombo. Watu wachache waligeuka. Mama hakugeuka.

Baba na mimi tumerudi kwenye mazungumzo yetu, safari hii kwa utulivu. Nilimtajia Nyerere: mtu wa misa ya kila siku, ambaye Kanisa lake leo linamwita Mtumishi wa Mungu, na bado Oktoba 1973 serikali yake ilivunja uhusiano na Israeli. Baba akasema wakati ule nchi nyingi za Afrika zilitazama mafuta ya Waarabu, na bei ilipopanda tuliumia sawa na wengine. Nakubali kwa baadhi ya nchi. Lakini Nyerere alishasema tangu 1967 kwamba Tanzania inaitambua Israeli na inataka urafiki nayo kama inavyoutaka na Waarabu, ila kushinda vita hakumpi mtu haki ya kutawala ardhi ya wenzake. Hakuongozwa na msalaba wala mwezi. Naona ndiyo njia tuliyorithi, na uhusiano uliporudishwa mwaka 1995 haikufutika: leo tuna ubalozi Tel Aviv, na Wapalestina wana wao Dar. Nasikitika kuona vijana wetu wakiibadilisha na ushabiki wa Simba na Yanga.

Ijumaa Afrika Kusini ikapeleka kesi The Hague, ikiishtaki Israeli kwa mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari, ule ule uliotumika Arusha. Baba mdogo alipiga simu Jumamosi asubuhi, hata hakusalimia. "Umesikia? Wale wa Mazimbu!" Anawaita hivyo mpaka leo, maana enzi zake wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule Morogoro na sisi tukiwapa ardhi. Baba akachukua simu, wakaongea karibu nusu saa. Wakabishana tena, lakini nilimsikia baba akisema, "Basi majaji waseme." Kwake hayo ni maneno makubwa.

Godlisten alikuwa ameshaondoka tarehe 29. Bendera bado iko kwenye kioo. Ila kabla ya kuwasha gari aliingia jikoni kumuaga mama mdogo Mwanaidi, mke wa mjomba wake, akakaa humo kama dakika kumi. Sijui walisema nini na sikuuliza.

Ijumaa ya tarehe 12 ni Mapinduzi, kazini hatuendi. Nataka kuja Tanga. Sitaki kuja kukueleza vita, nataka kuja kukaa na wewe, na kama una maneno ya kuniambia kuhusu siku ile ya Soweto nitayasikiliza yote bila kujitetea. Mama ameshachagua mkungu wa mshare, anasema usipike ndizi nyingine yoyote wiki hiyo. Mama mdogo naye kaniachia kitambaa cha binti yako, nimekikunja kwenye begi tayari.

Kama hutaki nije, niandikie hivyo tu, sitakasirika. Usiponiandikia, nitapanda basi la asubuhi, na nikishuka Kange nitakupigia.

Wako,
Ndeshi